Dawa si jani peke yake: tutofautishe "nano" ya kweli na "nano" ya megafoni

Kuna neno jipya limeanza kusikika katika biashara ya dawa za miti shamba hapa Goma. Neno lenyewe ni "nano". Mchuuzi anashika megafoni na kutangaza unga wa moringa wa nano, mafuta ya manjano ya nano, chai ya nano. Chupa moja eti inaponya malaria, sukari, presha, vidonda vya tumbo na maumivu ya mgongo. Wanaonunua mara nyingi si matajiri. Ni mama aliyekimbia vita kutoka Masisi au Rutshuru, aliyepita Bulengo, Lushagala au Kanyaruchinya, na leo analala kwa jamaa na watoto watano. Anatoa pesa ya mboga kununua chupa hiyo kwa sababu mtoto ana homa na hospitali inamtisha.

Maoni yangu ni haya. Teknolojia inayoitwa nano ni ya kweli. Inatumia vitu vinavyotoka katika miti, na tayari inakinga watoto wa Afrika dhidi ya malaria. Lakini haimo katika chupa ya barabarani. Imo ndani ya chanjo. Kwa hiyo tuache kulipia neno, tudai kitu chenyewe: chanjo ifikie watoto wetu wote, na miti yetu ichunguzwe hapa nyumbani kabla magome yake hayajapakiwa kwenye lori.

Nano maana yake nini?

Chukua mita moja, igawanye vipande bilioni moja. Kipande kimoja ndicho nanomita. Unywele wa kichwa una unene wa nanomita 80,000 hivi. Chembe nyekundu ya damu ina upana wa nanomita 7,000 hivi. Chembe zinazotumika katika dawa za aina hii ni ndogo zaidi: nanomita makumi, au mia chache tu. Huwezi kuziona kwa jicho, wala kuzipata kwa kusaga majani kwenye kinu, hata ukisaga mpaka jioni.

Kwa nini wanasayansi wanahangaika na kitu kidogo hivyo? Kwa sababu jani lenye dawa na dawa inayofika mahali pa ugonjwa ni vitu viwili tofauti. Fikirieni viazi vya Kibumba. Shambani ni vingi na ni vizuri, lakini haviji Goma vyenyewe. Lazima chukudu ivibebe, ipite mashimo, ifike sokoni kabla havijaoza. Dawa nyingi za mimea ziko hivyo. Kuna zisizoyeyuka katika maji. Kuna zinazoharibiwa tumboni au kwenye ini kabla hazijafanya kazi. Nyingine hufika, lakini njiani zinaumiza viungo vingine.

Manjano ni mfano ambao kila mama wa jikoni anaujua. Ndani yake kuna kitu kinachoitwa kurkumini, ambacho katika maabara kinaonyesha nguvu nyingi. Lakini ukikimeza, sehemu kubwa hutoka na choo, na kidogo kinachoingia mwilini huvunjwa haraka. Ndiyo sababu watafiti wengi wamejaribu kukipakia kwenye chembe nano. Chembe hiyo ndiyo chukudu: kazi yake ni kubeba, kukinga na kufikisha.

Mfano mwingine ni dawa ya kansa iitwayo paklitakseli, iliyotokana na gome la mti wa pwani ya magharibi ya Marekani. Haiyeyuki vizuri katika maji, kwa hiyo waliichanganya na kiyeyusho ambacho kwa wagonjwa wengine kilileta mzio mkali. Mwaka 2005 Marekani iliruhusu aina mpya, ambamo dawa ileile imebebwa na chembe nano za protini ya damu, bila kiyeyusho kile. Dawa haikubadilika, kilichobadilika ni chombo.

Mti wa Chile ndani ya chanjo ya malaria

Sasa tuje kwa jambo linalotugusa sisi. Mwezi wa 10, mwaka 2023, Shirika la Afya Duniani lilipendekeza chanjo ya pili ya malaria, inayoitwa R21/Matrix-M. Ilitengenezwa na Chuo Kikuu cha Oxford pamoja na kiwanda cha Serum Institute cha India. Nchi yetu ilianza kuitoa mwishoni mwa mwezi wa 10, mwaka 2024, katika jimbo la Kongo Central.

Wengi wameisikia R21. Wachache wanajua "Matrix-M" ni nini. Ni chembe nano zilizotengenezwa kwa saponini, na saponini hiyo hutoka katika gome la mti unaoota Chile, Amerika ya Kusini. Jina lake la kitaalamu ni Quillaja saponaria. Wenyeji wa kule, Wamapuche, walitumia gome lake kama sabuni tangu zamani, kwa sababu likisuguliwa ndani ya maji hutoa povu.

Kazi yake katika chanjo ni kuamsha mwili. Sehemu ya kwanza ya chanjo huuonyesha mwili sura ya kidudu cha malaria. Peke yake, mwili ungeiangalia kidogo na kuisahau. Saponini ndiyo inayopiga kengele ili askari wa mwili waje wengi, wajifunze vizuri na wakumbuke.

Lakini hapa ndipo jambo lote lilipo. Saponini ghafi ni hatari. Kama povu la sabuni linavyong'oa mafuta kwenye sahani, saponini ikiingia katika damu hupasua chembe nyekundu. Ukimdunga mtoto maji ya gome hilo, utamuumiza. Wanasayansi walichofanya ni kuifunga saponini pamoja na kolesteroli na mafuta mengine, vikaungana na kuwa kama vikapu vidogo vya nanomita 40 hivi. Ndani ya kikapu hicho, saponini inaamsha mwili bila kupasua damu. Chanjo ya kwanza ya malaria, RTS,S, iliyopendekezwa mwaka 2021 baada ya kutolewa Kenya, Malawi na Ghana tangu 2019, nayo ina saponini ya mti huohuo, imebebwa kwenye vipovu vya mafuta vinavyoitwa liposomu.

Basi angalieni: mti uleule, gome lileleile. Bila chombo ni sumu katika damu. Ndani ya chombo, kwa kipimo kinachojulikana, ni kinga ya mtoto. Anayewauzia unga wa majani na kuuita nano hana kikapu chochote ndani ya mfuko wake.

Na chanjo hiyo haikukubaliwa kwa maneno matamu. Jaribio lake kubwa lilihusu watoto zaidi ya 4,800 katika Burkina Faso, Mali, Kenya na Tanzania. Kwa ndugu zetu wa Afrika Mashariki lilifanyika Kilifi na Bagamoyo. Katika mwaka wa kwanza, ilipunguza malaria kwa asilimia 75 pale ambapo ilitolewa kabla ya msimu wa malaria, na kwa asilimia 68 pale ambapo malaria iko mwaka mzima, kama Kilifi na Bagamoyo. Haifiki 100, na hakuna aliyesema inafika. Kwa hiyo chandarua bado kinahitajika. Mtu anayekwambia dawa yake inaponya kila mtu, kila ugonjwa, kila mara, ujue hajawahi kuhesabu.

Sisi si wageni wa dawa za miti

Wengine wataniambia: "Wewe wa redio, unadharau dawa za mababu." Hapana. Kivu haiwezi kudharau dawa za miti. Angalieni lugha yetu wenyewe. Hapa Goma, kila kidonge tunakiita kinini, hata kama ni cha kichwa au cha minyoo. Neno hilo lilitoka kwa dawa ya gome la mti wa quinquina, mti wa Amerika ya Kusini uliopandwa katika milima yetu tangu wakati wa Wabelgiji. Bukavu kuna kiwanda cha Pharmakina kilichotoa kinini kutoka magome hayo kwa miaka mingi.

Dawa ya leo ya malaria nayo inatoka katika mmea, Artemisia annua wa China. Bibi Tu Youyou, aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015, aliona kwamba kuuchemsha mmea kulikuwa kunaharibu dawa. Mwaka 1971 alitoa dawa hiyo kwa kiyeyusho kinachochemka kwa joto dogo, ndipo ikafanya kazi. Hata hivyo, dawa iliyopatikana haikuyeyuka vizuri katika maji wala mafuta, ikabidi wakemia waibadilishe. Ndivyo tulivyopata artesunate, ambayo leo mtoto mwenye malaria kali anadungwa hospitalini.

Je, artesunate ilishinda kinini kwa sababu ni mpya? Hapana. Ilishindanishwa nayo. Jaribio lililochapishwa mwaka 2010 lilihusu watoto 5,425 wenye malaria kali katika nchi tisa za Afrika, Kongo ikiwemo. Kati ya waliopewa kinini, walikufa asilimia 10.9. Kati ya waliopewa artesunate, asilimia 8.5. Ni miti miwili iliyoshindanishwa kwa haki, na matokeo yakabadilisha matibabu Afrika nzima.

Chai ya Artemisia, kwa upande mwingine, bado inauzwa hapa kwetu kama dawa ya malaria. Shirika la Afya Duniani lilisema wazi mwaka 2019 kwamba haliungi mkono matumizi hayo, kwa sababu kiasi cha dawa katika chai hubadilika kutoka jani hadi jani, na kipimo kidogo kinaweza kukomaza kidudu kikazoea dawa. Utafiti uliofanywa Maniema ukiisifu chai hiyo ulichapishwa, kisha jarida lenyewe likauondoa. Haifurahishi kulisema, lakini ndugu msomaji ana haki ya kulijua.

Jaribio la haki liliwahi kufanyika hapa, wakati wa vita

Sababu ninayoisikia sana ni hii: "Mambo ya kuchunguza dawa ni ya Ulaya. Sisi tuna vita." Jibu langu ni Ebola ya 2018 na 2019, katika jimbo letu hilihili la Kivu ya Kaskazini.

Tangu mwezi wa 11, mwaka 2018, katika vituo vya Beni, Butembo, Katwa na Mangina, dawa nne za Ebola zilishindanishwa. Profesa Jean-Jacques Muyembe na taasisi ya INRB walikuwa mbele. Mgonjwa alipangiwa dawa kwa bahati nasibu, si kwa kujuana wala kwa pesa. Moja ya dawa hizo, ZMapp, ilikuwa imeoteshwa ndani ya mimea ya jamii ya tumbaku. Dunia nzima iliitumainia tangu Ebola ya Afrika Magharibi mwaka 2014. Nyingine, mAb114, ilianzia katika damu ya mtu aliyepona Ebola ya Kikwit ya 1995.

Mwezi wa 2, mwaka 2019, vituo vya Katwa na Butembo vilishambuliwa. Kazi iliendelea. Mwezi wa 8 jaribio lilisimamishwa mapema kwa sababu jibu lilikuwa limeonekana: kati ya waliopewa ZMapp, karibu nusu walikufa. Kati ya waliopewa mAb114 au ile dawa nyingine ya aina yake, walikufa karibu thuluthi moja.

Dawa iliyotoka katika mmea, yenye sifa kubwa, ilishindwa. Hakuna aliyeificha. Na dawa iliyoanzia kwa Mkongomani ikashinda. Sisi wa Kivu ya Kaskazini tulilipa bei kubwa ya maisha kupata elimu hiyo. Kwa nini leo turudi kuamini megafoni?

Ninachodai

La kwanza ni chanjo. Kongo ina karibu mgonjwa mmoja kati ya kila wagonjwa wanane wa malaria duniani. Ni Nigeria tu inayotupita. Anayekufa zaidi ni mtoto wa chini ya miaka mitano. Chanjo hii hutolewa kwa dozi nne, kuanzia umri wa miezi mitano. Dozi nne ni rahisi kwa mtoto anayelala nyumba moja mwaka mzima. Kwa mtoto aliyetolewa Kitshanga akaletwa Sake, akaletwa Goma, kisha akarudishwa kijijini, dozi ya pili inaweza kupotea njiani, na ya nne ndiyo kabisa. Wenye kupanga chanjo, wawe Kinshasa au hapa, waziwekee familia hizi mpango wao: mtoto apokelewe kwenye kituo chochote cha afya, kwa dozi yoyote iliyobaki, bila kuulizwa anatoka upande gani wala nani anatawala huko. Malaria haiulizi kizuizi cha barabarani.

La pili ni wachuuzi. Sheria za dawa zipo. Anayeandika "inaponya malaria" kwenye chupa aonyeshe kibali na jaribio. Kama hana, auze chai kama chai. Simwiti kila muuza mizizi tapeli. Wengi ni watu wanaotafuta chakula kama sisi. Lakini mtu akifa kwa kuchelewa hospitali kwa sababu ya tangazo, tangazo hilo si biashara tena. Na sisi wa redio tuna sehemu yetu: tangazo la dawa isiyo na kibali lisipite hewani, hata kama mteja analipa vizuri.

La tatu ni miti yetu. Katika misitu ya milimani ya Beni na Lubero kuna mti wa Prunus africana. Gome lake limesafirishwa nje kwa miaka mingi kutengenezewa dawa ya wanaume wazee wenye shida ya tezi dume. Tangu 1995 biashara yake inasimamiwa na mkataba wa kimataifa wa CITES kwa sababu ukichunwa vibaya hukauka. Linaondoka kama gome kwenye gunia, linarudi kama kidonge cha bei katika farmasi, kama linarudi. Aliyelichuna anabaki na pesa ya sabuni.

Kongo ni mwanachama wa Itifaki ya Nagoya ya 2010, inayosema kwamba nchi na jamii zenye mmea na ujuzi wake zipate sehemu ya faida. Tuna kituo cha utafiti cha Lwiro. Tuna vyuo vikuu Goma, Bukavu na Butembo, na vijana wa kemia na farmasi wanaomaliza masomo kisha wanauza kadi za simu. Siombi Goma itengeneze chembe nano kesho asubuhi. Hata umeme unatusumbua. Naomba hatua za mwanzo: kuandika miti na matumizi yake pamoja na wazee wanaoijua, kupima kilichomo, kujua kipi ni sumu na kwa kiasi gani. Mubirizi ambao bibi zetu wanachemsha kwa homa unastahili mtafiti wa Kivu autolee jibu, ndiyo au hapana, kabla mtafiti wa mbali hajafanya hivyo na kuuandikisha kwa jina lake. Chile ilikuwa na gome la sabuni tu, mpaka mtu alipouliza maswali sahihi.

Kwa familia, kuanzia leo

Najua mtu atasema: mipango ni mizuri, lakini mtoto wangu ana homa usiku huu. Basi sikilizeni, wamama na wababa.

Homa ya mtoto isisubiri chai kuiva. Mpeleke kituo cha afya apimwe damu kwa kipimo cha haraka, kinachoitwa TDR. Jibu hutoka kwa muda mfupi. Akitapika kila kitu, akikataa kunyonya, akishikwa na degedege au akilegea bila kuamka vizuri, hiyo ni hatari ya saa, si ya siku. Ukiwa umempa miti shamba, mwambie muuguzi bila aibu. Hakuna sababu ya kukufokea, na kujua kutamsaidia kuchagua dawa. Tunza karti ya chanjo kama unavyotunza karti ya mpiga kura: ifunge katika mfuko wa plastiki, na ukikimbia, kimbia nayo. Siku ya CPS uliza waziwazi: chanjo ya malaria imefika hapa? Kama haijafika, itafika lini? Uliza na mwezi ujao.

Na mchuuzi akikuambia "hii ni nano", muulize maswali matatu: ndani mna nini, kwa kipimo gani, na ilijaribiwa kwa watu wangapi? Asipojibu, weka pesa yako kwenye mfuko. Itakulipia pikipiki ya kumfikisha mtoto hospitalini.